Posa ya Sur na Sufuria Yangu ya Pilipili

Tangu nirudi kutoka Oman mmekuwa mkija hapa mgahawani, mnavuta viti, mnaniuliza, "Rehema, ilikuwaje?" Nami nawaletea chai nasema ilikuwa heri. Ningeweza kuwajibu kwamba pilipili usiyoila yakuwashiani, lakini yangu mnaila, maana nawauzia kila Jumamosi. Basi nawaandikia, msome nikiwa sipo. Mbele ya macho yenu sitaweza.

Sababu ya safari mnaijua. Mdogo wangu Idi alikutana na Nasra alipokuja Unguja kutembelea jamaa, wakapendana. Nasra ni wa Sur. Bibi yake ni mzaliwa wa Unguja aliyehamia Oman zamani, na nyumbani kwao Kiswahili hakijafa. Posa ilipopelekwa kwa simu, wazee wakasema binti hatolewi kwa sauti ya simu. Aje kwanza mtu mzima wa upande wa kijana, akae nao, wamwone, kisha watatoa jawabu. Baba na mama wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo mtu mzima wa upande wa Idi ni mimi. Habari za viza na tiketi naziruka, hazina utamu wowote.

Mnajua pia kwamba mimi najiona. Nimekaa Texas miaka mingi, nikipika kwenye mgahawa wa barabarani ambako madereva wa malori walikuja kula wakiwa na baridi, wakiwa wamechoka, wakiwa wameachwa na wake zao. Wote walitaka chili. Ni nyama ya ng'ombe ya vipande, inapikwa polepole na pilipili kavu zilizosagwa, vitunguu thomu na bizari nyembamba, mpaka rojo linakuwa zito na jekundu la kukaribia weusi. Wenyewe wanakiita chakula cha faraja, na nimeona wanaume wazima wakikiinamia kimya hadi nyuso zao zikalainika. Nikapanga kuwapikia wakwe watarajiwa. Nilitaka waseme dada yake Idi si mtu wa hivi hivi.

Nizwa

Nilifikia Nizwa kwa binamu yangu Salma, ambaye ndiye angenipeleka Sur kwa gari lake. Salma kazaliwa hukohuko. Kiswahili anakisema kwa mkato, Kiarabu kinamtangulia mdomoni, lakini moyo wake ni wa kwetu kabisa.

Asubuhi mama mkwe wake alitupikia boko boko. Mama yule hajui neno la Kiswahili. Alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kuipiga ile ngano na nyama mpaka ikavutika, akaipaka samli juu, akaniwekea sahani mbele yangu akakaa kunitazama. Nami, kabla sijatia hata tonge mdomoni, nikafungua mkoba nikatoa chupa yangu ya sosi ya pilipili, nikaimimina juu yote.

Mama mkwe akaitazama chupa, akaitazama sahani, akamuuliza Salma jambo kwa sauti ya chini. Salma akaniambia anauliza kama chakula kina kasoro. Nikasema hapana, mwambie sisi Marekani ndivyo tunavyokula. Sisi Marekani, mtoto wa Tandika. Yule mama akatabasamu kwa adabu, akaondoka, na hakurudi kukaa nasi.

Jikoni Salma akanishika mkono. "Dada, kitu hii usifanye Sur, wallah. Watu wa kule wanaangalia kila kitu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi na wakwe tutaelewana kwenye sufuria.

Izki

Tulitoka Nizwa Jumanne mchana, na kabla hatujachoka kuzungumza gari likaanza kuchemka. Salma akalipeleka gereji pale Izki. Fundi akafungua boneti, akaondoka kutafuta mpira wa maji, akakaa huko saa nzima na zaidi. Tukahamia kwenye kijiduka cha chai ya maziwa, tukaagiza na mkate wa chapati wenye jibini na asali.

Mwanamke mmoja aliyekuja kununua mikate akatusikia tukizungumza, akasimama palepale. Akatusalimia kwa Kiswahili cha pwani ya Kenya. Alikuwa mfanyakazi wa ndani, ametumwa na mwajiri wake, na akasema ana muda mrefu hajakaa na mtu wa kuzungumza naye. Nikamkaribisha kiti. Mimi ndiye niliyezungumza. Nilimweleza chili kuanzia nyama hadi jibini la juu. Nikamweleza kwamba watu wa Texas ukiwatilia maharage wanakasirika, na kwamba kule Louisiana wana rojo lao lenye bamia na kamba. Alipopata nafasi akasema yeye akihuzunika hutamani wali wa nazi na mchicha wa kwao Kwale, na pilipili moja tu ya kunusia. Nikamwambia siku akionja chili atausahau mchicha. Simu yake ikalia, akachukua mikate yake akatuaga.

Salma akasubiri mpaka amevuka barabara. "Hukumuuliza hata jina yake," akaniambia.

Ni kweli, mpaka leo silijui. Mtu amekaa mbele yangu na kiu ya maneno, mimi nikamjaza mapishi.

Ibra

Gari lilipona jioni, tukalala Ibra kwa rafiki yake Salma. Ikawa bahati, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na wanaume wanabaki nje na magari. Tuliingia kati ya vitambaa, manukato na mafungu ya viungo, na nilichokuwa nakitafuta ni pilipili kavu.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Pilipili za chili ya Texas ni kubwa, nyeusi-nyeusi, zimekunjamana kama zabibu. Ukali wake ni mdogo, zina utamu wa ndani, na sufuria moja inakula viganja viwili vya pilipili bila mtu kudhurika. Zangu zilikuwa zimeniishia Dar. Zile za Ibra zilikuwa ndogo, nyembamba, nyekundu za kung'aa. Nilipoomba mfuko mzima, muuzaji akauliza ni kwa watu wangapi. Salma alipomjibu, yule mama akarudisha zaidi ya nusu kwenye fungu lake.

Nikadhani ananibania. Nikamwambia Salma amweleze kwamba mimi ni mpishi na nazijua pilipili. Wakabishana kidogo, kisha akanijazia mfuko huku akitikisa kichwa. Sikuona hatari, maana siku zote natia nusu, naonja, kisha naongeza. Ulimi wangu haujawahi kunidanganya, na niliutegemea huo.

Bidiya

Tulisimama Bidiya kununua maji. Kituo kilijaa magari makubwa ya kwenda mchangani, na pembeni mzee wa Kimarekani alikuwa amechuchumaa akipunguza upepo wa matairi. Nikamwendea kwa furaha kama nimemwona ndugu. Nikamwambia nimeishi kwao na kwamba kesho nawapikia watu wa Sur chili.

Akafurahi sana. Akasema mama yake alikuwa akiipika kila baridi inapoanza, na macho yakamlegea palepale juani. Nikamuuliza alitumia pilipili gani. Akasema hakuna. Nyama ya kusaga, maharage, nyanya za kopo, sukari kidogo na tambi, basi. Yeye mwenyewe pilipili haziwezi kabisa. Anatoka kaskazini, huko ambako, kwa maneno yake, pilipili manga ni mambo makubwa.

Nilimwambia hiyo si chili. Mzee akacheka, lakini uso ulikuwa umemshuka, akarudi kwenye matairi yake. Garini Salma akaniuliza nimemwambia nini. Nikasema nimemsahihisha.

Sur

Tulipokewa alasiri kwa kahawa na halua. Nilimwamkia Bibi Zuwena, bibi yake Nasra, shikamoo, akaitika marahaba ndefu, akanishika uso kwa mikono yake miwili kunitazama vizuri. Ni mwembamba na msafi, anasikia kila neno, na Kiswahili chake ni kile cha mjini Unguja cha zamani. Mama yake Nasra, Bi Shamsa, ni mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyekuwa ananipima, na hakuficha. Nasra alikuwa anaingia na kutoka na sinia za kahawa, macho chini, lakini kila alipopita nyuma ya mama yake alinitazama kwa matumaini. Nikaapa moyoni kwamba sitamwangusha.

Nilipoomba kuwapikia, Bibi akasema wataona raha, ila kesho ni Alhamisi na nyumba nzima hufunga sunna, kwa hiyo nipike cha futari. Bi Shamsa akaongeza kwamba mimi ni msafiri, nile tu mchana, hakuna ubaya.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Nikasema, "Nami hufunga Alhamisi, Bi Shamsa."

Mnanijua. Alhamisi zangu mnaziona, naonja sufuria tangu asubuhi hadi jioni. Msafiri anaruhusiwa kula hata Ramadhani, sembuse sunna, na yule mama alinifungulia mlango mwenyewe. Lakini nilimwona akinitazama kwa mara ya kwanza kwa uso mwepesi, nikautaka uso ule. Nilifunga ili nionekane nimefunga.

Kesho yake mchana nikapika. Nilisaga nusu ya zile pilipili, nikatia. Rojo lilikuwa jekundu la kupendeza, lakini halikuwa jeusi kama nilivyolizoea, na bila ulimi nilibaki na macho tu. Nikaongeza nyingine mpaka rangi ikafika. Salma aliingia akapiga chafya, akaniambia nionje kwa ncha ya ulimi kisha niteme, mpishi anaruhusiwa. Nalijua hilo. Ila Bi Shamsa alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba mimi katika saumu yangu sithubutu.

Magharibi tukafungua kwa tende na maji, tukasali, likaja sinia moja la wali na chili yangu katikati. Tukakaa duara: Bibi, Bi Shamsa, Nasra, Salma na mimi. Bibi akasema bismillahi, akaanza, na mimi nikafuata.

Haikuwa chili, jamani. Ulimi ulipotea palepale, masikio yakaanza kuvuma, machozi yakanitoka. Salma akainuka akisema anakwenda kuleta maji na hakurudi. Nasra na mama yake wakahamia wali wa pembeni. Bibi Zuwena alitafuna lile tonge hadi mwisho, akameza, akanitazama.

"Mwanangu, ndivyo kilivyo chakula hiki?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema la. Ilikuwa ni neno moja tu, na sinia lingeondoka, tungecheka, tungekula mkate na mayai. Nikaona uso wa Bi Shamsa, nikaona kazi yote ya siku nzima, nikajibu, "Ndivyo kilivyo, Bibi. Wenyewe hujifariji nacho."

"Basi," akasema, akachukua tonge jingine.

Nilifunzwa na mama kwamba mdogo hainui mkono kabla mkubwa hajainua wake. Bibi alikuwa bado anakula, basi nami nikala. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo ainue mkono wake. Hakuinua. Kila nilipotia tonge naye alitia, jasho likimtiririka chini ya ukaya wake wa kichwani, midomo imemvimba. Bi Shamsa alimgusa goti mara mbili, Bibi akausogeza mkono wake kwa upole. Mwishoni ni tumbo langu lililoniasi, nikainua mkono, nikasema alhamdulillahi. Bibi akainua wake sekunde hiyohiyo, na alipojaribu kusimama hakuweza.

Salma na Bi Shamsa wakampeleka hospitali kwa gari. Kumbe ana vidonda vya tumbo vya miaka, na hajawahi kumwambia mgeni yeyote kwamba kuna chakula asichokiweza. Garini, alivyonisimulia Salma baadaye, Bi Shamsa alimuuliza mama yake kwa nini hakuacha kula. Akasema mwenyeji haondoi mkono mgeni wake angali anakula. Alikuwa ananingoja mimi, na mimi nikawa namngoja yeye. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja, mwenyeji akatundikiwa maji.

Sur, Ijumaa asubuhi

Alirudi nyumbani akiwa hai, nashukuru. Asubuhi nikaenda chumbani kwake kuomba radhi. Bi Shamsa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kabla sijafungua mdomo Bibi akamwambia binti yake asinitazame vile, chakula cha watu ndivyo kilivyo, tumbo lake ndilo dhaifu. Alikuwa ananisitiri kwa uongo wangu mwenyewe.

Nikashindwa. Nikapiga magoti nikasema sivyo kilivyo. Nikasema nilikiharibu, nilijua tangu tonge la kwanza, nikamdanganya. Na kwamba sijui mara ya mwisho nilifunga Alhamisi lini. Nililia, na machozi yale hayakuwa ya pilipili. Bibi akanipapasa kichwa. Bi Shamsa akasimama, akatengeneza shela yake.

"Habari ya mdogo wako tutaifikiri, inshallah," akasema.

Mnajua maana ya "tutafikiri" kwenye posa. Ukumbini Nasra alikuwa amesimama karibu na mlango, alikuwa amesikia. Hakunilaumu. Aliingia jikoni akafungua maji, akasimama tu yakimwagika.

Simu ikalia, Idi. Nikatoka barazani nikamweleza yote mfululizo, la pilipili, la saumu, la uongo, la "tutafikiri". Nikamwambia nimemvunjia nyumba kabla hajaijenga. Nilingoja anitukane, na ningefarijika.

Akauliza, "Huyo Bibi amekula nini tangu jana?"

Nikasema sijui.

"Hujamuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikwenda chumbani kwa mgonjwa nikaliwa na aibu yangu, nikamlilia, nikatoka. Idi akasema nimpelekee simu. Nikamwambia si wakati wake. Akasema haulizii posa.

Nikaingia, nikaweka simu kwenye spika kwa kuwa Bibi hakuwa na nguvu za kuishika. Idi akamwamkia, akampa pole, akamuuliza kama kuna kilichokaa tumboni. Bibi akasema la, hata maziwa yamerudi. Idi akasema maziwa yaache kwanza. Akamuuliza kama uji wa mchele anaupenda mwepesi au mzito. Akasema marehemu mama katika siku zake za mwisho alikuwa hawezi chochote ila uji wa mchele uliopoa, usiotiwa kitu ila sukari ya kuonekana kwa shida, kijiko kimoja, kisha apumzike ndipo apewe kingine. Ukimharakisha unarudi wote. Alikuwa akimwimbia katikati ya vijiko ili asione anangojwa.

Mimi hayo sikuyajua. Wakati ule nilikuwa Texas nawafariji madereva wa malori.

Bibi akamuuliza mama alikuwa anaitwa nani, akamwombea. Wakazungumza muda mrefu kuliko nilivyozungumza naye mimi tangu nifike, na neno la Nasra halikutajwa na yeyote kati yao. Bi Shamsa alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake Nasra. Simu ilipokatika Bibi akafumba macho kidogo.

"Shamsa," akasema, "huyu ndiye tuliyekuwa tunataka kumjua. Mpeni jawabu lake, na mpeni leo."

Bi Shamsa akaingia ndani. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwambie mdogo wako tumeridhia. Tumemridhia yeye."

Alilitamka hilo neno la mwisho polepole, nami nikalipokea, kwa sababu lilikuwa haki yangu. Nasra akaenda kuinjika uji. Nilimfuata nikaomba nisaidie, akanipa mchele niuchague mawe.

Dar

Basi ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi iliyopita mlikuwepo Idi alipoingia hapa, akasimama katikati ya meza akawaambia wote kwamba dada yake ndiye aliyekwenda Sur akamposea mke. Mkapiga vigelegele, mkaniita mshenga, mkataka niseme neno. Idi anajua kila kitu, tangu pilipili hadi uji, na bado anasema hivyo mbele za watu, tena anasema kwa furaha. Mimi niliingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi, nikakaa humo mpaka mlipoondoka.